Kutoboa Boriti za Dari: Biti Ipi Inunuliwe?



Katika usharika mmoja tulikuta boriti 4 za dari zimechimbwa mapengo kwa tindo upande wa chini ili kupitisha paipu za umeme. Fundi alikuja na biti za zege tu. Zilipogoma kuingia kwenye mbao akachukua tindo. Dari ikaanza kubonyea, na fedha zilizotengwa kwa ajili ya madirisha zikanunua boriti mpya. Biti inayofaa ingegharimu sehemu ndogo sana ya fedha hizo.

Jambo hili linawahusu wote wanaofunga umeme wa gridi au wa sola katika nyumba za wachungaji, madarasa ya chekechea na ofisi za sharika, Masieda na kwingineko. Sakafu zetu nyingi ni za saruji au udongo, hivyo boriti za mbao tunazikuta juu, zikibeba dari. Ghala lenye sakafu ya mbao linafuata kanuni hizi hizi.

Aina za biti

1. *Biti ya zege.* Imetengenezwa kusaga jiwe kwa kugongagonga. Haikati nyuzi za mbao, bali huzisugua mpaka ziungue. Isitumike kwenye boriti.

2. *Biti ya chuma.* Ni ile ya kawaida ya msokoto. Inafaa kwa tundu dogo, hadi milimita 10 au 12, la kupitisha waya mmoja. Itolewe nje mara kwa mara ili unga wa mbao utoke.

3. *Biti bapa.* Ina umbo la koleo dogo lenye ncha katikati. Bei yake ni nafuu, lakini inahitaji mashine yenye kasi, na huchana mbao inapotokea upande wa pili. Ncha ikichomoza, fundi asimame na kumalizia upande ule mwingine.

4. *Biti ya parafujo.* Ncha yake hujivuta ndani ya mbao, na mifereji yake hutoa takataka. Tundu hutoka safi hata kwenye boriti nene. Kuna ya mashine na kuna ya keekee ya mkono, ambayo inafaa mahali ambapo umeme haujafika. Adui yake ni msumari: huharibu ncha, na mashine inaweza kumpindua fundi mkono. Boriti kuukuu ikaguliwe kwanza.

Kwa paipu ya milimita 20, tundu liwe la milimita 22. Tuwe waangalifu dukani: biti ya robo tatu ya inchi ni milimita 19, na paipu haitapita. Kwa inchi, tuombe ya saba ya nane.

Mahali pa kutoboa

Boriti inapobeba mzigo, upande wa juu hubanwa na wa chini huvutwa. Katikati ya kimo chake ndipo penye nguvu kidogo zaidi, basi tundu lipite hapo. Hapo pia misumari ya dari haifikii waya kwa urahisi.

Tundu lisizidi robo ya kimo cha boriti. Mbao ya mbili kwa sita, yenye kimo cha milimita 150 hivi, inavumilia tundu la milimita 37. Ya mbili kwa nne inavumilia 25, hivyo paipu yetu inapita. Ya mbili kwa mbili inavumilia 12 tu: isitobolewe, paipu ifungwe ubavuni kwa klipu. Kenchi nazo zisiguswe bila idhini ya mjenzi.

Tundu lisiwe karibu na ukuta wala katikati kabisa ya urefu. Kati ya tundu na tundu iachwe nafasi isiyopungua upana wa matundu 3.

Kazi ya kamati

Kabla ya malipo ya kwanza, tupime boriti, tuhakikishe fundi ana leseni ya EWURA, na tumwombe atuonyeshe biti atakazotumia. Biti ziandikwe katika orodha ya vifaa pamoja na vipimo vyake. Sharika jirani zinaweza kununua seti moja na kuazimana.

Nanyi wafadhili, mkiona mstari wa "biti za mbao" katika bajeti, msiufute kwa kuwa ni mdogo. Huo ndio unaolinda boriti mlizokwisha kuzichangia.