Maisha ya Wachina Ughaibuni na Nyumbani: Mshahara Si Kipimo Pekee

Wachina na watu wenye asili ya China wanaoishi nje ya nchi hiyo ni makumi ya mamilioni. Wengi asili yao ni mikoa michache ya pwani ya kusini mashariki, hasa Guangdong, Fujian na Zhejiang. Kwa zaidi ya karne moja waliondoka kwa sababu kazi ya ugenini ililipa kuliko ya nyumbani, na ushahidi wa tofauti hiyo bado unaonekana. Huko Kaiping, mkoani Guangdong, imesalia minara zaidi ya 1,800 ambayo mingi ilijengwa miaka ya 1920 na 1930 kwa fedha zilizotumwa na wanavijiji waliokuwa Marekani, Kanada na kwingineko. Mwaka 2007 UNESCO iliiingiza minara ya Kaiping na vijiji vyake katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mwaka 1978, China ilipoanza mageuzi ya uchumi chini ya Deng Xiaoping, wastani wa pato la mtu mmoja kwa mwaka ulikuwa kama dola 160 za Marekani. Marekani yenyewe ilikuwa imevuka dola 10,000, yaani zaidi ya mara 60. Ndiyo maana watu wa Fujian walikubali kubeba madeni makubwa ili wavushwe kwa magendo. Abiria wa meli ya Golden Venture, iliyokwama karibu na ufukwe wa New York Juni 1993 ikiwa na watu 286, walikuwa wameahidi kulipa takriban dola 30,000 kila mmoja. Watu 10 walikufa katika mkasa huo.

Kufikia mwaka 2023 pato la China lilikuwa limepanda hadi kati ya dola 12,000 na 13,000 kwa mtu, na la Marekani lilizidi dola 80,000. Pengo lilikuwa limebaki mara sita hivi. Tofauti ya bei ikizingatiwa, linapungua zaidi na kuwa mara tatu na kidogo, kwa sababu nauli, chakula cha mgahawani, huduma za ufundi na vitu vingi vya kila siku ni nafuu zaidi China. Mpishi wa Kichina aliyeko New York anapokea dola nyingi, lakini kodi ya chumba, bima na deni la safari huchukua sehemu kubwa kabla hajatuma chochote kwao.

Kwa huduma za mijini, China imepiga hatua kubwa. Reli ya kwanza ya treni za mwendo kasi za kilomita 350 kwa saa, kati ya Beijing na Tianjin, ilifunguliwa mwaka 2008; leo mtandao wa reli za mwendo kasi umepita kilomita 40,000. Safari ya Beijing hadi Shanghai, kilomita 1,300 hivi, huchukua chini ya saa tano kwa treni zilizo za kasi zaidi. Malipo hufanywa kwa simu kupitia Alipay na WeChat, na chakula hufikishwa mlangoni kwa gharama ndogo. Familia nyingi za mijini zinamiliki nyumba. Kwa hiyo anayerudi kutoka Ulaya baada ya miaka mingi mara nyingi hukuta ndugu zake wakiishi kwa wepesi asioutarajia.

Hata hivyo, wepesi huo una gharama zake. Katika kampuni nyingi za teknolojia ulizoeleka utaratibu wa kufanya kazi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 3 usiku, siku sita kwa wiki. Mahakama Kuu ya nchi ilitamka mwaka 2021 kuwa ni kinyume cha sheria. Likizo ya kisheria yenye malipo ni siku 5 tu kwa mwaka kwa aliyefanya kazi kuanzia mwaka mmoja hadi chini ya miaka 10, ilhali nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kutoa angalau wiki nne. Ajira nayo si ya uhakika: Juni 2023 ukosefu wa kazi kwa vijana wa mijini ulifikia asilimia 21.3. Pensheni ya mkulima mzee ni wastani wa yuan 200 hivi kwa mwezi, kiasi kisichotosha kuishi bila msaada wa watoto.

Katika afya, kila upande una ubora na kasoro zake. Bima ya msingi ya China inafikia takriban asilimia 95 ya watu, na mgonjwa wa mjini anaweza kumwona daktari bingwa siku hiyo hiyo, ingawa hospitali hufurika na ugonjwa mzito bado huweza kumaliza akiba ya familia. Marekani ina tiba ya kiwango cha juu, lakini asiye na bima huogopa hata kuingia hospitalini. Mwaka 2021, wakati wa janga la Uviko-19, wastani wa umri wa kuishi Marekani ulikuwa miaka 76.4, na China 78.2.

Malezi na elimu ndivyo huwasumbua wazazi zaidi. Wahamiaji wengi wa Fujian walioko New York huwapeleka watoto wachanga kwa babu na bibi China, kwa kuwa kituo cha kulelea watoto kingemeza mshahara mzima; watoto hao hurudi wakifikia umri wa kuanza shule, na baadhi hawawatambui wazazi wao. Kwa upande mwingine, wengine huhama ili kumwepusha mtoto na mtihani wa kuingia chuo kikuu, ambao mwaka 2024 ulikuwa na watahiniwa zaidi ya milioni 13. Mfumo wa usajili wa makazi ulioanza mwaka 1958 nao huzuia watoto wengi wa vibarua wanaotoka vijijini kusoma kwa haki sawa mijini.

Yapo pia mambo yasiyo na bei. Anayechukua uraia wa kigeni na kuhamia nje hupoteza wa China, kwa kuwa sheria ya mwaka 1980 haitambui uraia pacha. Uhuru wa kusema na kusoma habari ni mpana zaidi katika nchi nyingi za Magharibi, na kufungiwa kwa jiji la Shanghai kwa miezi miwili mwaka 2022 kuliwasukuma wengi kutafuta njia ya kuondoka. Lakini ugenini kuna ubaguzi, na mashambulizi dhidi ya watu wenye asili ya Asia yaliongezeka Marekani wakati wa janga.

Basi jibu la swali la wapi maisha ni bora hutegemea anayeulizwa. Kwa mhandisi wa Shanghai mwenye nyumba, kuhama kunaweza kumaanisha kushuka hadhi. Kwa mkulima asiye na elimu ya juu, kazi ya jikoni ugenini bado inaweza kujenga nyumba na kusomesha watoto. Anayelinganisha kwa haki hana budi kupima mshahara pamoja na bei, saa za kazi, matibabu, malezi na haki za kisheria, kwa sababu familia nyingi zilizohama zimepata fedha na kukosa miaka ya kuishi pamoja.