Gumegume si ushahidi wa ukongwe

Bastola ya gumegume ikitolewa kabatini, aghalabu hutanguliwa na hadithi. Utaambiwa ilikuwako Fort Jesus Waomani walipoizingira ngome hiyo tangu 1696 hadi 1698, nawe utatakiwa usadiki kwa kuwa jiwe lingali kwenye mtambo wake. Mimi huo siukubali kuwa ushahidi, na ningependa walimu wenzangu wa historia wausaili mbele ya wanafunzi wao.

Mtambo wenyewe ni sahili. Jiwe hubanwa katika taya za chuma. Likifyatuliwa hupiga bamba, cheche zikaangukia baruti iliyo kwenye kisahani, na moto ukapenya tundu la ubavuni mwa mtutu. Ufundi huu ulikamilika Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17. Mwaka 1807 kasisi wa Uskoti, Alexander Forsyth, alipata hataza ya kuwasha baruti kwa kugonga kemikali, na kufikia miaka ya 1840 majeshi ya Ulaya yalikuwa yakihamia kwenye bunduki za fataki. Mwanafunzi hodari atakata shauri hapo hapo kwamba silaha yoyote ya gumegume ni ya kabla ya wakati huo. Kwa Ulaya, huenda. Kwa Afrika, la hasha.

Sababu ni siasa. Katika Mkataba wa Brussels wa 1890, mataifa makubwa yalikubaliana kuzuia silaha za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya bara letu, lakini yakaacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti duni ya biashara. Hoja iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Hata hivyo, Mwafrika aliachiwa silaha ambayo askari wa Ulaya alikwisha kuitupa nusu karne nyuma, ilhali askari huyo alimjia na bunduki ya Maxim! Mafundi wa Liège, Ubelgiji, waliendelea kutengeneza gumegume kwa ajili ya soko hilo. Kwa hiyo silaha ya namna hii yaweza kuwa rika la reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901.

Tutaamua vipi basi? Tuusome mtutu. Neno “Tower” na taji kwenye mtambo visitulaghai, maana viliigwa sana. Herufi GR nazo ni za wafalme wanne wa Uingereza walioitwa George, waliotawala mfululizo tangu 1714 hadi 1830. Peke yake hazitufikishi mbali. Shahidi bora ni mihuri ya majaribio, iliyogongwa baada ya mtutu kujaribiwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida. Fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji, pamoja na herufi B, C na P, ni za nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria ya bunge mwaka 1813. Herufi ELG ndani ya duara la yai ni za Liège, tangu 1810. Zikivikwa taji, basi ni 1893 au baadaye.

Tahadhari mbili. Kwanza, ingiza kijiti mtutuni ulinganishe kina chake na mahali lilipo tundu la moto, kwani silaha kuukuu huweza kukutwa ingali imeshindiliwa. Pili, usiisugue kwa msasa. Nimeona mihuri iliyofutwa hivyo na mikono yenye nia njema, na hakuna fundi awezaye kuirejesha.

Bastola yenye muhuri wa Birmingham wa 1813, naam, haikuwako Fort Jesus mwaka 1698. Lakini muhuri hautaji jahazi lililoileta, wala mkono ulioinunua, wala kilicholipwa, pembe au karafuu. Hayo anayajua mzee wa nyumba ile, naye bado hajaulizwa.