Gari la Nyumbani na Manifoldi Mpya

Huenda wasomaji wetu, hasa akina mama, wakashangaa kuona ukurasa huu ukizungumzia vyuma vya injini. Tumeufungua mlango huu kwa sababu ombi lenyewe limekwisha kuingia majumbani. Kijana amebadilisha chujio la hewa, amepanua ekzosti, na sasa anaomba mchango anunue manifoldi ya kuingizia hewa ambayo haikuundwa na kampuni iliyounda gari. Nalo gari ni la wote: ndilo lipelekalo watoto skuli, na ndilo liwashwalo usiku wa manane mgonjwa akizidiwa. Atoaye fedha ana haki ya kufahamu kinachonunuliwa.

Manifoldi hiyo ni mkusanyiko wa mabomba upokeao hewa kutoka kwenye chujio na kuigawia kila silinda fungu lake. Mtu angedhani kwamba bomba fupi na pana ndilo bora daima, kwani hewa hupita bila kizuizi. Sivyo. Hewa ina uzito na ina mwendo. Vali ifungapo ghafla, hewa iliyokuwa ikija hugonga na kurudi nyuma, mfano wa wimbi lipigalo ukuta wa ngome. Wimbi hilo likifika mwisho wa bomba hurejea tena, na likiikuta vali imefunguka, husukuma ndani hewa zaidi ya ile ambayo pistoni ingeivuta peke yake. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila vali ya hewa hufunguka mara 50 katika sekunde moja; wimbi halina muda wa safari ndefu, na bomba fupi ndilo lifaalo. Injini ikizunguka polepole, bomba refu ndilo liafikianalo nayo, na likiwa jembamba kiasi, hewa haipotezi kasi yake.

Basi hakuna manifoldi iliyo bora katika kila mwendo. Ukiongeza juu, aghalabu utapunguza chini.

Mfano ulio wazi ulionekana Marekani mwaka wa 1960. Kampuni ya Chrysler ilitoa gari liitwalo 300F, lenye mabomba ya hewa ya urefu wa inchi 30 yaliyokatiza juu ya injini kutoka upande hadi upande. Nguvu zake zilikuwa za farasi 375, na uwezo wake mkubwa wa kuvuta ulipatikana kwenye mizunguko 2,800 tu. Palikuwa na toleo la pili, la wachache, ambalo kuta za ndani za mabomba zilikatwa hata urefu wenye kufanya kazi ukabaki inchi 15. Hilo, pamoja na mabadiliko mengine machache, lilifikia farasi 400. Asomaye tangazo angelichagua la pili mara moja, ilhali zile farasi 25 za ziada zilipatikana injini ikikimbizwa sana, na mvuto wa chini ulikuwa umepungua.

Wajapani nao walilishughulikia jambo hilo. Katika injini ya Toyota 4A-GE ya miaka ya themanini, iliyotiwa ndani ya Corolla, kila silinda ilipewa njia mbili za hewa. Mizunguko ikiwa chini, njia moja hufungwa kwa kilango kidogo. Ikipita elfu nne na kidogo, kilango hufunguka. Wako vijana wanaoving'oa vilango hivyo kwa kudhani ni takataka zinazoziba hewa. Mhandisi hakuviweka pale kwa mapambo.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa shilingi, mwulizeni kijana swali moja: injini hii huishi kwenye mizunguko mingapi? Akae mama kando ya dereva siku mbili tatu, autazame mshale wa dashibodi. Katika msongamano wa Digo Road, au kwenye mteremko wa feri ya Likoni ambako gari lililojaa watu na mizigo husimama na kuondoka mara kwa mara, mshale aghalabu huzunguka baina ya elfu moja na nusu na elfu tatu. Watengenezaji waaminifu hutaja wenyewe mipaka ya kazi yao. Edelbrock ya Marekani, ambayo mwanzilishi wake aliunda manifoldi yake ya kwanza mwaka wa 1938, huuza moja ifanyayo kazi tangu injini inapounguruma imesimama hadi mizunguko 5,500, na nyingine ianziayo 3,500 kwenda juu. Hiyo ya pili, Likoni, ni mzigo. Kwa injini iliyoguswa kidogo tu kama hii tuliyoitaja, rai yetu ni kuiacha ile ya kiwandani, isafishwe na kutiwa gasketi mpya.

Akishikilia, yako mambo ya kukaguliwa. Matundu yaoane na ya kichwa cha injini. Sensa zote zipate mahali pake, na kompyuta ya gari irekebishwe, kwani hewa ikizidi na petroli isiongezwe, moto wa ndani huunguza vali na pistoni. Manifoldi nyingi za kiwandani siku hizi ni za plastiki ngumu isiyobeba joto upesi. Ya aluminiamu, katika jua letu la mwezi wa Februari, huipasha hewa, na hewa ya moto ni nyepesi.

Lakini kubwa zaidi ni breki. Katika gari la petroli, busta ya breki, lile sufuria jeusi lililo nyuma ya injini, hupata mfyonzo wake kutoka kwenye manifoldi kwa mpira mmoja. Manifoldi ya bei rahisi isiyo na kiungo imara cha mpira huo, au inayovuja kwenye gasketi, huweza kuifanya pedali kuwa ngumu kama jiwe. Fundi aipime kwa moshi kutafuta uvujaji, na pedali ijaribiwe uwanjani kabla ya mtoto yeyote kupanda. Baada ya siku chache za safari boliti zikazwe upya kwa kipimo, kuanzia katikati kwenda pembeni. Mwenye bima naye aarifiwe. Ile manifoldi ya zamani isiuzwe: ifungwe kwa gunia pamoja na boliti zake zote, iwekwe stoo.