Sakho, kitambi na mitishamba isiyonyweka

Aprili 14, 2016 pale Anfield, Mamadou Sakho alifunga kwa kichwa, ubao ukasoma 3-3 dhidi ya Borussia Dortmund, na dakika za majeruhi Dejan Lovren akamaliza kazi. Siku sita baadaye beki huyo akatupia tena, safari hii Everton wakilala 4-0. Alikuwa kwenye kiwango cha maisha yake.

Mechi iliyofuata hakuwemo kikosini. Kipimo alichochukuliwa Machi 17 baada ya mechi ya Manchester United kilikuwa kimerudi na majibu mabaya. Sakho hakuwa amejidunga sindano. Alikuwa ametumia bidhaa ya kuchoma mafuta mwilini, na ndani yake mlikuwa na higenamini, kemikali inayopatikana kwenye mimea kadhaa inayotumika katika tiba za asili za China.

Akafungiwa siku 30. Fainali ya Europa dhidi ya Sevilla ikampita, Liverpool wakachapwa 3-1. Ufaransa nayo ikamwacha kwenye kikosi cha Euro iliyokuwa inachezwa nyumbani kwao. Julai 8 Uefa ikamfutia kesi, kwa sababu haikuthibitika kwamba higenamini ilikuwa kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa. Siku mbili baadaye Ufaransa ilifungwa na Ureno kwenye fainali, yeye akiwa mtazamaji kama wewe. Hakuichezea tena Liverpool mechi ya ushindani. Wada walikuja kumwomba radhi na kumlipa fidia mwaka 2020, lakini radhi hairudishi fainali. Na asiyejua ajue: tangu 2017 higenamini imeandikwa kwa jina kwenye orodha hiyo.

Kabla yake alikuwepo Kolo Toure, aliyekula miezi sita mwaka 2011 akiwa Manchester City. Jamaa alikuwa na wasiwasi na uzito wake, akachukua vidonge vya mkewe. Basi.

Kama wachezaji wenye madaktari na wapishi wa klabu wanaingia mkenge huu, shabiki wa kibanda umiza ana kinga gani? WHO inasema mwaka 2022 watu wazima milioni 890 duniani walikuwa na unene uliopitiliza. Kila mwenye kitambi anatafuta njia ya mkato, na wauza mitishamba wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana wanasayansi wa chakula wanahangaika na swali moja ambalo kwa nje linaonekana jepesi: mmea unaosaidia kupunguza mwili unawezaje kuwa chakula cha kawaida, chenye ladha ambayo mtu ataivumilia mwaka mzima na si siku tatu?

Waliojaribu kwa fedha nyingi wapo. Kule jangwa la Kalahari kuna mmea wenye miiba unaoitwa hoodia. Wasan, wawindaji wa huko tangu enzi, waliutafuna wakiwa porini ili njaa isiwasumbue. Taasisi ya utafiti ya CSIR ya Afrika Kusini ikauwekea hataza miaka ya 1990, na Wasan wenyewe walikuja kukubaliana nao juu ya mgawo wao mwaka 2003, tena baada ya kelele. Hapo ungejiuliza nani mwenye mali. Mwaka 2004 ikaingia Unilever, kampuni ya vyakula yenye uwezo wa kuficha uchungu wa kitu chochote ndani ya kinywaji kitamu.

Wakatengeneza mtindi wa kunywa. Wanawake 49 wenye uzito uliozidi wakagawanywa makundi mawili: wengine mtindi wenye hoodia, wengine mtindi usio nayo, kwa siku 15. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalikuwa kama sare ya 0-0 kwa timu inayotaka ubingwa. Chakula walichokula hakikutofautiana cha maana, uzito vilevile. Wa hoodia ndio waliopata kichefuchefu, kutapika, na presha na mapigo ya moyo kupanda. Unilever walikuwa wameshajitoa tangu 2008. Ladha walikuwa wameitatua, ila mmea wenyewe ndio uliokosa pumzi.

Upande wa pili kuna uwatu, ambao hauhitaji kwenda Kalahari. Uko sokoni Kariakoo, uko Darajani Zanzibar, akina mama wa Pwani wanaujua vizuri. Mbegu zake zina nyuzi ambazo zikikutana na maji zinavimba na kuwa utelezi. Tumboni utelezi ule unachelewesha chakula kushuka, kwa hiyo njaa inachelewa kurudi. Katika jaribio la mwaka 2009 watu 18 wanene walipewa nyuzi za uwatu zilizotengwa, gramu 8 kwenye kifungua kinywa, wakasema wameshiba zaidi na mchana wakala kidogo. Ni jaribio dogo, la mlo mmoja, hakuna aliyekata kilo kumi pale. Lakini angalau namna linavyofanya kazi inaeleweka.

Tatizo la uwatu ni mdomo. Ni mchungu, na ukiutumia sana hata jasho linanukia. Vyumba vya kubadilishia nguo vina harufu za kutosha tayari. Dawa ya uchungu ipo jikoni: loweka mbegu usiku kucha, maji yale mwaga, au ziache ziote kidogo ndipo uzikaushe na kuzisaga. Kisha unga wake changanya kidogo kwenye uji uliochachuka wenye tangawizi na limau. Anayetumia dawa za kisukari azungumze na daktari wake kwanza, maana uwatu unashusha sukari ya damu. Mjamzito vivyo hivyo.

Kinachoharibu kazi yote ni mkono wa sukari. Rozela ni mfano mzuri: maua yake hayana shida, ni chachu tu. Wauzaji wengi wanaizima chachu kwa vikombe vya sukari, halafu juisi inauzwa kwa jina la dawa. WHO inashauri sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana ishuke hadi 25, yaani vijiko sita vya chai. Soda moja ya kola ya nusu lita inamaliza hizo 50.

Kwa hiyo rozela ya baridi yenye tangawizi na iliki, bila sukari au na kijiko kimoja, inampa shabiki faida ambayo wala haitoki kwenye nguvu za ua. Inatoka kwenye soda ambayo hakuinywa. Piga hesabu ya mechi za wikendi nzima, Ligi Kuu Bara mchana, England jioni, Hispania usiku, kila mechi na chupa yake. Chipsi mayai hazijaingia bado kwenye hesabu hiyo.