Taslimu kwa Tajiri, Deni kwa Jirani

Adhana ya Magharibi ikishapita, mitaa ya Kabiria hugeuka soko. Taa huwashwa juu ya meza za mboga, sukuma wiki hukatwa papo hapo, omena hupimwa kwa mkebe, mafuta ya kupikia huuzwa kwa kipimo, na harufu ya mahamri na viazi vya karai hutukumbusha sisi watu wa pwani mitaa tuliyoiacha Mombasa, Malindi na Lamu. Wauzaji hao aghalabu ni wanawake. Baadhi yao ni dada zetu wa pwani. Wengine ni Wakikuyu, Waluhya, Waluo na Wakamba tunaoishi nao ukuta kwa ukuta. Wote ni jirani zetu.

Jirani hao twawaendea lini? Hapa ndipo penye aibu yetu. Mshahara ukiingia, twapanda matatu hadi duka kubwa, twajaza toroli, twalipa taslimu na bei hatuiulizi. Ikifika tarehe 20 na mfuko umekauka, ndipo tunapomkumbuka mama mboga: "Mama, niandikie, nitakulipa mwisho wa mwezi." Taslimu twampelekea tajiri, deni twamletea jirani. Kisha kibanda kikifungwa, twauliza kulikoni.

Na tufanye hesabu. Tuseme mama ameingia soko la Marikiti alfajiri na mtaji wa shilingi 3,000. Akiuza vyote, jioni atakuwa na 3,600. Chakula cha wanawe, kodi na nauli vikila 500, atabaki na 3,100 za kuamkia sokoni. Sasa wateja watano wakichukua mboga za shilingi 80 kila mmoja kwa kuandikiwa, shilingi 400 hazimo mkononi, na kesho ataamka na 2,700. Kila mmoja wetu adhani deni lake ni dogo, halina uzito. Lakini sisi watano, kwa jioni moja tu, tumeula mtaji wa mwenzetu. Jioni chache za namna hiyo zatosha kumrudisha nyumbani.

Mwenye duka kubwa akipungukiwa, huenda benki na hati zake. Mama wa kibandani hana dhamana. Mikopo ya simu aghalabu ina riba au ada zake, na hata Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa na serikali Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka. Kwa mwanamke Mwislamu anayejikinga na riba, mlango huo nao umefungwa. Amebakiwa na mchezo wa kupokezana na wenzake, na zile shilingi zilizo mikononi mwetu. Tukizichelewesha, hana pengine pa kushika.

Jambo hili lina historia yake katika mji huu. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 na mji kuanza kukua, Waislamu wengi wa mwanzo walikaa katika vijiji kama Pangani. Humo walikuwamo wanawake waliojenga nyumba kwa fedha zao, wakapangisha vyumba na kufanya biashara ndogondogo. Serikali ya kikoloni ilifungua Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wakae mahali pamoja chini ya macho yake, na ilipofika mwisho wa miaka ya 1930 Pangani ilikuwa imebomolewa. Sheria za mikopo za enzi hizo nazo hazikulilinda deni la Mwafrika lililozidi kiwango kidogo kilichowekwa, kwa hivyo wenye maduka ya jumla wakaogopa kumkopesha. Bibi zetu walianza biashara bila mtu wa kuwashika mkono. Haifai wajukuu wao wazidi kukwama, safari hii kwa mikono yetu wenyewe.

Huenda msomaji akasema: duka kubwa lina uhakika, kibanda hakina. Miaka ya karibuni yatufundisha vingine. Nakumatt, lililokuwa na matawi katika miji mingi ya Afrika Mashariki, lilianguka na kufungwa kabisa mwaka 2020, likiwaacha waliolipelekea bidhaa wakidai mabilioni ya shilingi. Tuskys likafuata njia hiyo hiyo. Shoprite la Afrika Kusini liliingia nchini mwaka 2018, na miaka mitatu haikutimia kabla halijaondoka. Wakati wote huo, mama mboga alikuwapo. Katika miezi ya Korona, kazi ziliposimama na nyumba nyingi kukosa kipato, ni nani aliyekubali kutuandikia?

Hatusemi kwamba kwenda duka kubwa ni kosa, wala kwamba tununue kibandani kwa huruma hata bidhaa ikiwa mbovu. Muuzaji naye ana wajibu wake: mizani iwe ya haki, maji ya kuoshea mboga yawe safi, na nyanya iliyooza isifichwe chini ya nzuri. Wala hatusemi mwenye dhiki asikopeshwe. Qurani yatuagiza kumpa muhula aliye katika uzito, na katika Suratul Baqara, aya ya 282, yatuagiza pia kuliandika deni pamoja na muda wake. Bali mwenye uwezo anapochelewesha deni, Mtume, rehema na amani zimshukie, ameliita jambo hilo dhuluma. Wengi wetu tunaoandikiwa kibandani si masikini. Tumezitumia fedha kwingine, basi.

Tukumbuke pia Abdulrahman bin Auf alipohamia Madina akiwa hana kitu. Mwenyeji wake alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko, akaanza kwa samli na jibini. Mama anayeamka saa kumi za usiku kwenda Marikiti hatuombi sadaka. Atuomba tununue, na tukishanunua, tulipe.

Serikali ya Kenya imeamua kwamba asilimia 30 ya zabuni zake ziwe za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kila nyumba nayo yaweza kujiwekea sheria kama hiyo. Siku ya mshahara, kabla ya kupanda matatu, tutenge fungu la jirani: mboga, mayai, mkaa, mahamri ya asubuhi, maziwa. Nguo za watoto za Idi tumpe fundi cherehani wa mtaani, tena tumpelekee mwezi wa Shaabani na malipo ya kwanza mkononi, tusimvamie usiku wa mwisho wa Ramadhani. Bei ikiwa ya haki, tusibishane kwa ajili ya shilingi tano na mjane, ilhali kwenye duka kubwa twalipa bila neno.

Na kuna jambo la kuanza nalo wiki hii hii. Usiku wa kuamkia Ijumaa, baba na mama wakae na kukumbuka: tunadaiwa na nani hapa mtaani? Muuza maziwa? Mama wa chapati? Kijana aliyetuletea maji kwa mkokoteni? Waandike majina na kiasi, kisha walipe, kwa mkono au kwa M-Pesa, hata kama mwenyewe hajadai. Aghalabu hatadai, kwa kuwa aona haya, na kwa kuwa aogopa kutupoteza.

Dawa ya deni ni kulipa. Mtoto akitumwa kibandani jioni hiyo, apewe noti mkononi, na pamoja nayo ujumbe mmoja: "Mama amesema ufute jina letu daftarini."