Saa ya Kopo: Maji, Mlio na Mwanga Nyumbani

Mtoto anayefungua saa ya mezani ili aone kinachogonga ndani, mara nyingi hupata kofi kabla hajapata jibu. Ni kweli saa ni ghali, na mama ana haki ya kuilinda. Lakini udadisi wa mtoto nao ni mali, na ukizimwa mapema ni vigumu kuuwasha tena. Dawa yake ni kumpa mtoto saa ambayo akiibomoa ataiunda upya.

Jambo hili si geni. Mwaka 1206 fundi Al-Jazari, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alimaliza kitabu chake cha mitambo. Humo ameeleza saa ya tembo. Ndani ya tembo huyo mna bakuli lenye tundu dogo, linaloelea juu ya maji. Kila nusu saa bakuli hujaa, huzama na kuvuta kamba. Ndege hulia, gololi hudondoka na sanamu ya mtu hugonga.

Mama wa Itaka, wilayani Mbozi, anaweza kuwaonyesha wanawe kanuni hiyo hiyo kwa vitu vya nyumbani.

Chukua kopo tupu na utoboe kitundu katikati ya kitako kwa msumari mwembamba. Kazi hii ifanye wewe mwenyewe. Weka vijiwe vichache ndani ili kopo lisipinduke, kisha lielee kwenye ndoo ya maji. Laza kijiti juu ya mdomo wa ndoo. Funga uzi kwenye ukingo wa kopo, uupitishe juu ya kijiti, na mwisho wake ufungie vifuniko vya soda pamoja na CD mbovu. Viweke juu ya sahani ya bati dirishani penye jua. Uzi ulegee kidogo.

Kopo likizama, vifuniko vitaruka na kulia, nayo CD itazunguka na kutupa rangi ukutani. Kama kopo halina nguvu ya kuvuta, ongeza vijiwe. Likizama upesi mno, tafuta kopo jingine na ulitoboe tundu dogo zaidi. Pima kwa saa ya mkononi limechukua dakika ngapi, kisha waache watoto wakisie mara ya pili.

Wakishazoea, simika kijiti uani wakitafute kivuli kifupi kuliko vyote. Watashangaa: Itaka, kivuli hicho hakiji saa sita kamili, bali yapata saa sita na dakika 50, kukiwa na tofauti ya dakika kadhaa kwa majira. Sababu ni kwamba saa za Tanzania hufuata longitudo ya 45 mashariki, na Itaka ipo karibu na 33. Kila nyuzi moja ni dakika 4 za jua. Mtoto aliyejionea hivyo hatasahau kwamba saa ni mapatano ya watu, na jua lina mwendo wake.

Tahadhari moja, mama: mtoto mchanga anayetambaa aweza kuzama hata kwenye ndoo. Usiondoke maji yakiwamo, na mchezo ukiisha yamwagie mboga.