Ushanga wa Njoro na Nyuzi 573

Mwaka 1938, wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimba pango lililo kando ya Mto Njoro, Kenya. Walikuta mabaki yaliyoungua ya watu wapatao 80, waliozikwa yapata miaka 3,000 iliyopita, pamoja na mabakuli ya mawe na shanga tele. Baadhi ya shanga ni za akiki na kalsedoni, mawe yaliyo ndugu wa kwatsi. Mwanafizikia akiona kwatsi na moto mahali pamoja, huuliza: je, joto lilivuka nyuzi 573 za Selsiasi?

Fuwele ya kwatsi imejengwa kwa atomu za silikoni na oksijeni, zilizopangika kama piramidi ndogo zinazogusana kwenye ncha. Jiwe likiwa baridi, piramidi hizo zimeinama kidogo. Likipashwa moto huinuka taratibu, kisha kwenye nyuzi 573 hunyooka kwa mruko mmoja. Hakuna kinachoyeyuka, mpangilio tu ndio uliobadilika. Mfaransa Henry Le Chatelier aliutambua mruko huo mwaka 1889.

Mwaka 1937, mwanafizikia Lev Landau alionyesha kwamba ili kueleza mruko kama huo si lazima kufuatilia atomu moja moja. Chagua kipimo kimoja, hapa ni mwinamo x, kisha andika nishati huru ya fuwele:

F = a(T − T₀)x² − bx⁴ + cx⁶

T ni halijoto, na T₀ ni halijoto maalumu ya fuwele. Herufi a, b na c ni namba chanya zipatikanazo maabarani. Ukichora F utapata bakuli, na fuwele ni gololi inayotafuta mahali pa chini kabisa. Kwenye joto kali, hapo ni katikati. Joto likishuka, katikati panainuka, yanabaki mabonde mawili yenye kina sawa, kulia na kushoto. Alama ya kutoa mbele ya b ndiyo inayoifanya gololi iruke badala ya kuteleza.

Wafinyanzi huionja hesabu hii tanurini: chungu chenye mchanga wa kwatsi kikipoa haraka, chembe zake husinyaa ghafla na chungu hupata ufa.

Na ushanga je? Fuwele ikipoa hurudia mpangilio wa awali, ungedhani moto haukuacha alama. Lakini mabonde ni mawili. Sehemu moja yaweza kuangukia kulia, jirani yake kushoto. Wanajiolojia huziita sehemu hizo pacha za Dauphiné. Mgandamizo nao huzizaa, hivyo pacha peke yake si ushahidi wa moto. Ila mlinganyo umeshatuonyesha pa kuelekeza hadubini.